Kiingilio cha Gofu Kimelegezwa, Lakini Mke Wangu Lazima Aje Kutia Saini

Bi Zuleikha, assalaam alaykum. Naomba msaada wako, na naomba uwe wa haraka, kwa sababu nina mpaka Ijumaa tarehe 30 Mei na leo ni tarehe 14, na ukishanisoma utaona kwa nini siwezi kumuuliza mtu mwengine yeyote hapa Kiponda, maana kila mtu hapa anamjua mke wangu.

Mimi ni mwanamme wa miaka sitini na moja. Nilimaliza kidato cha nne, nikafanya kazi ya ukarani wa ghala kwa miaka thelathini na miwili, nikastaafu salama. Watoto wote wana nyumba zao. Naishi na mke wangu, ambaye nitamwita Nassra ingawa si jina lake, na tunaendesha maisha kwa kodi ya milango miwili ya duka aliyoniachia marehemu baba, pamoja na nazi kidogo za shamba letu la mbele ya Bububu. Nakwambia haya ili usidhani ni barua ya mtu mwenye dhiki. Mimi ni mtu mwenye furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyonitia mashakani.

Tangu niko ghalani nina daftari ninaloandika kila siku, tarehe kwanza, kisha lililotokea, bila ya kuongeza maoni. Kwa hiyo nitakayokueleza sikuyatoa kichwani, nimeyanakili.

Januari mwaka jana daktari aliniambia sukari yangu imepanda na nitembee saa nzima, siku mbili kwa wiki kwa uchache. Nikajaribu mjini. Bi Zuleikha, wewe unavijua vichochoro vyetu, huwezi kutembea saa nzima, utatembea dakika nne na dakika hamsini na sita utasalimiana na watu, na kila baraza ina kahawa na kashata, na ukikataa kashata wanauliza umekasirishwa na nani. Siku ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, nilikuwa nakwenda shamba nikakutana na Suhaib, tuliyekuwa naye ghalani, ambaye siku hizi anatunza majani katika uwanja wa gofu ulio njia hiyo hiyo. Akanambia, "Njoo utembee humu ndani, hapa hakuna wa kukupa kashata." Nikaingia. Akanitia fimbo mkononi. Mpira ulikwenda kama hatua ishirini ukazama mchangani, na mimi nikacheka peke yangu mpaka Suhaib akauliza kama nimeumia.

Niliporudi nyumbani Nassra akaniuliza, "Shamba kuzuri?" Nikasema, "Kuzuri." Basi. Ndivyo ilivyoanza, kwa neno moja, na kutoka siku hiyo kila Jumanne na kila Jumamosi nakwenda "shamba", isipokuwa Ramadhani na siku za mvua kubwa, na daftari linaonesha nimeshacheza mara tisini na nne. Nilipoanza nilikuwa namaliza mashimo tisa kwa mapigo themanini na kitu, na siku hizi hamsini na mawili. Sukari imeshuka, daktari amefurahi. Saa moja ya asubuhi majani yakiwa na umande, na ukaupiga mpira sawasawa, husikii chochote mkononi, kama vile hukupiga kitu, na mpira uko mbali. Sijui nikuelezeje zaidi.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia. Kwa sababu barazani kwetu gofu ni mchezo wa wageni na matajiri, na Nassra ana kicheko. Akilicheka jambo baada ya adhuhuri, magharibi mtaa mzima wameshalicheka. Nilisema nitamwambia nikishajua kucheza vizuri. Kisha nikasema nitamwambia baada ya Idi. Kisha ikawa nimechelewa mno hata sijui nianzie wapi.

Sasa jambo lenyewe. Kila nikienda nalipa shilingi elfu ishirini na tano. Suhaib akanishauri niwe mwanachama, maana mwanachama halipi ya siku. Kiingilio ni milioni moja na nusu, unalipa mara moja tu maishani, halafu ada ya mwaka milioni moja na laki mbili. Nikaona kiingilio ni kikubwa, na nikawaza kama bei hiyo inazungumzika. Lakini nilivyolelewa mimi, bei ya samaki mtu utajitetea mwenyewe sokoni, ila kutaka kuingia kwa watu huendi mwenyewe, unapeleka mtu. Kwa hiyo nikampeleka ami yangu, Ami Salem, ana miaka sabini na minne na ameshaposea nusu ya mji huu, na hajawahi kurudishwa mlangoni.

Tulikwenda Jumamosi tarehe 10 Mei. Ami alivaa kanzu mpya na joho na akabeba halua kilo mbili. Mimi nilimwambia halua haina haja, akanijibu, "Wewe kazi yako kunyamaza." Ofisini tulimkuta katibu wa klabu, binti anayeitwa Ilham, mwenye adabu zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe mtoto wa nani?"

Akaeleza. Ami akamtafuta bibi yake mpaka akampata, wa Mkunazini, akauliza hali yake, magoti yake, na kama bado anafuga paka. Nusu saa hiyo. Kisha akajiweka sawa kitini akasema, "Sisi tumekuja kwa heri. Tumeleta neno. Kijana wetu huyu ameiona klabu yenu na ameipenda."

Kijana mwenyewe mimi, Bi Zuleikha. Ilham alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Mzee wangu, klabu haina wa kuiozesha. Ina fomu na risiti."

"Kila kitu kina mwenyewe. Mwenyewe nani?"

"Meneja, lakini leo yuko Dar es Salaam."

"Mpigie. Mwambie pamekuja wazee. Na mwambie milioni moja na nusu ni mahari ya nani? Mimi nshaposa mabinti wa watu wakubwa mjini hapa, sijatajiwa hiyo."

"Ni mahari ya majani, mzee. Na majani haya yanakunywa maji kutushinda sisi sote."

Ami akacheka, na akicheka yeye ujue biashara imeanza. Ilham alikataa halua, akasema hawaruhusiwi kupokea zawadi. Ami akasema si zawadi, ni kifungua kinywa, na itafunguliwa hapo hapo mbele ya watu, na wakaitwa wafanyakazi wote wakala, Suhaib akala mara mbili. Ilham akampigia meneja, na Ami akaomba simu akazungumza naye mwenyewe, na katika kunisifu, kama anavyomsifu muoaji, akasema mimi ni mtu wa nyumba, nina mke mmoja, miaka thelathini na moja, hatujawahi kusikika ugomvi wetu nje. Meneja akasema kumbe ana mke, basi msimu huu wa masika, kwa kuwa wachezaji ni wachache, wana utaratibu wa mke na mume: kiingilio ni hicho hicho kimoja kwa wote wawili, kinalipwa kwa mafungu matatu, na ada ya mke hailipwi mpaka aanze kucheza. Sharti ni moja tu, wote wawili waje ofisini kutia saini kwa mikono yao, mwisho Ijumaa tarehe 30. Kwa mtu mmoja peke yake hakuna punguzo wala mafungu.

Ami alitoka pale amepanda kichwa. "Nimekwenda kukuombea mmoja nimerudi na wawili! Nani mwengine angefanya hivyo?" Daladala ilipofika Mtoni akaniuliza, "Na Nassra fimbo anaijua kushika?" Nikageukia dirishani. Akanitazama sana. "Hajui kama unacheza?" Nikasema hajui. Tulipofika Darajani akasema, "Hapo mimi simo," na akashuka.

Naomba nikiri na jambo jengine. Nassra anatengeneza sambusa na barafu za ukwaju na kuuza, na tangu Disemba ananiomba tununue friza ya laki tisa kwa sababu jokofu letu halitoshi, na mimi namwambia subiri kidogo, hali si nzuri. Pia niliwahi kuwaza, lakini sikufanya, nimuombe Ilham fomu niende nayo nyumbani nimwambie Nassra ni karatasi za mpangaji wa duka, atie saini bila kusoma.

Nimepitia daftari zima kutazama kama ana shaka yoyote, na nimeona hana. Nakuwekea hapa yote yanayomhusu, ujionee.

Tarehe 20 Agosti 2024. Nassra amekuta glavu ya kushikia fimbo katika mfuko wa suruali. Ameuliza, "Siku hizi shamba mnavaa glavu moja?" Nimesema ni kwa ajili ya miba. Amesema, "Miba ya mkono wa kushoto." Amekwenda kuifua.

Tarehe 9 Novemba 2024. Nassra amenishonea kifuko cha kitambaa chenye kamba. Amesema, "Tia vile vijiti vyako humo, vinanitobolea suruali." Ni vile vijiti vya kuwekea mpira. Hakuuliza vya nini.

Tarehe 8 Aprili 2025. Nassra amesema, "Ramadhani nzima hukwenda shamba, na ulikuwa mkali kama pilipili. Nenda bwana, nenda."

Basi naomba unijibu haya. Kiingilio hiki kina thamani ya kulipwa au naibiwa? Kinaweza kupunguzwa zaidi bila ya saini ya mke? Na kama haiwezekani, nimwambieje Nassra?

Wako mwenye kusubiri,
Mchezaji wa Kiponda

*

Wa alaykumu salaam, bwana wa Kiponda.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilikasirika, na sasa nakujibu nikiwa katikati.

Nianze na kiingilio, maana hilo ndilo ulilolitanguliza na ndilo jepesi. Ndiyo, bei hizi zinazungumzika, lakini si kwa unavyofikiri. Klabu haipendi kuishusha namba iliyoandikwa ukutani, kwa sababu ikikushushia wewe itabidi imshushie na aliyelipa mwaka jana. Kinacholegezwa ni vilivyo pembeni yake: mafungu, msimu, mtu wa pili, ada ya mwaka wa kwanza. Ami yako na halua yake kavipata vitatu katika hivyo kwa asubuhi moja, na mimi nampa heshima yake. Kilichobaki waulizeni wenyewe kabla ya kutia saini: ada ya mwaka inaweza kupanda kwa kiasi gani, ukiugua miezi mitatu itasimamishwa au itaendelea kuhesabiwa, na klabu ikifungwa fedha zako zinakwenda wapi. Wanayokuahidi wayaandike. Tabasamu la Ilham ni zuri lakini si mkataba.

Kina thamani? Kwako wewe, ndiyo. Ungekuwa mtu wa mara moja kwa wiki ningekwambia endelea kulipa ya siku, usijisumbue. Kwa kwenda kwako mara sabini na kitu kwa mwaka, miaka miwili ya mwanzo utakuwa umetoa zaidi kidogo kuliko unavyotoa sasa, na kuanzia wa tatu fedha zinaanza kubaki mfukoni. Na sukari imeshuka, hiyo hakuna klabu inayokutoza.

Lakini hapa ndipo niliposhika kalamu nyekundu. Wewe mtu wa daftari, wewe uliyehesabu magunia ya watu miaka thelathini na miwili, umeniandikia mara tisini na nne, na umeniandikia elfu ishirini na tano, na namba hizo mbili hukuziweka pamoja. Nimekuwekea mimi. Ni milioni mbili na laki tatu na nusu. Friza mbili na chenji yake, bwana. Na mwanamke aliyekuomba moja, tena ya kufanyia kazi, tangu Disemba unamwambia hali si nzuri. Kucheza gofu si kosa. Kumficha mke kwa sababu ana kicheko ni utoto, lakini utoto husameheka. Hilo la friza ndilo linalouma, na ndilo la kumuomba radhi.

Unasema hana shaka. Nakubaliana na wewe, hana. Shaka ni ya mtu asiyejua. Mwanamke aliyeuliza kuhusu miba ya mkono wa kushoto anajua. Mwanamke aliyekushonea kifuko cha vijiti hakuuliza ni vya nini kwa sababu hakuwa na haja ya kuuliza. Kama anajua ni gofu au amelikisia tu, sina hakika, lakini ya kwamba humo shambani hamna jembe, hilo amelijua tangu Agosti. Mara tatu amekufungulia mlango uingie useme, na wewe mara tatu umeandika tarehe ukalala. Ile ya tatu, ya Aprili, alikwambia kabisa nenda bwana, nenda. Unajua ni wanawake wangapi wananiandikia hapa kwa hasira juu ya waume wasioonekana nyumbani? Wako ameona unarudi na furaha, akaiachia furaha yako ipite, akasubiri useme mwenyewe. Na kicheko unachokiogopa, kama angetaka kukicheka, Kiponda nzima ingekuwa imeshakucheka mwaka mzima sasa. Kuna aliyekucheka? Basi.

Ile fikra ya fomu kuiita karatasi za duka, nashukuru uliiacha njiani. Isikurudie tena, hata kwa mzaha. Saini ya mtu ni neno lake. Humchukulii mkeo neno lake usingizini.

Sasa sikiliza la kufanya. Umeshazoea kupeleka mtu. Hili hupeleki mtu. Usimtume Ami Salem, usimtume binti yako, na usimpelekee gazeti hili ulikunjie kwenye ukurasa wangu, maana nimeshawaona wanaofanya hivyo. Unakwenda mwenyewe, unakaa naye jikoni anapokunja sambusa, na unaanza na la friza kabla ya gofu. Mwambie, "Nilikwambia hali si nzuri na haikuwa kweli." Kisha mtajie ile milioni mbili na laki tatu na nusu, yote, usiibane hata laki moja. Kisha ndiyo umwambie kuhusu majani na umande, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, kwa sababu yamenifanya hata mimi nitamani kuupiga huo mpira, na mimi magoti yangu hayataki.

Atacheka. Muache acheke. Akiuliza maswali, jibu alilouliza, usimpe hotuba. Akinyamaza, nyamaza naye, usiinuke.

Friza inunuliwe wiki hii, kabla ya fungu la kwanza la klabu, na achague yeye. Mafungu matatu uliyopewa ndiyo yanayokuwezesha kufanya yote mawili, kwa hiyo usinambie haiwezekani.

Halafu muulize kama anataka kuwa mwanachama na wewe. Muulize kama unavyomuuliza mtu mwenye haki ya kusema hapana. Akisema hapana, hiyo ni hapana. Utaendelea kulipa elfu ishirini na tano yako, safari hii kwa kumuaga mlangoni na kumwambia unakokwenda, na masika mengine yatakuja na meneja atakuwa bado anatafuta watu. Akisema anataka kwanza kupaona, mpeleke Jumanne, mtembee wote mashimo tisa, asiguse fimbo kama hataki.

Na akikubali, basi tarehe 30 mtoke mapema ili muwahi kurudi sala ya Ijumaa. Avae viatu vya kutembea. Fomu aisome yeye kwanza, kila mstari, na wewe usimharakishe.

Mwende wawili, au usiende.

Bi Zuleikha